Vimea vya kijivu kwenye mawe ya Dodoma, ukivimwagia maji vinafunguka. Ni nini hivi?

Mgogo wa Ilazo (12 Januari, saa 2:10 usiku)

Wakuu habari za jioni.

Jana nilikuwa kiwanjani namsubiri fundi, na mafundi mnawajua, "nipo njiani bosi" kuanzia saa tatu mpaka saa saba. Nikajibanza kwenye kivuli cha jiwe, haya majabali yetu tuliyoyazoea. Pale chini, penye udongo mwembamba uliojikusanya kwenye ufa, nikaona kama maganda ya rangi ya majivu, yamekunjamana, kila moja kama punje ya mchele. Nikadhani ni mavi ya ndege.

Nikamwaga maji ya chupa ninawe mikono. Wakuu, vile viganda vikaanza kusogea! Siongezi chumvi. Kingo zilizokuwa zimejifunga kwa juu zikaachia taratibu, na dakika chache baadaye pale chini pamejaa nyota za kijani, kila nyota upana wa kifungo cha shati, matawi yake yamegawanyika mawili mawili kama herufi Y, na kila tawi lina mfereji katikati. Naambatisha picha tatu, mnisamehe, kamera ya simu imechoka.

Nimeuliza watu watatu. Mmoja kasema ukoga, wa pili kasema kuvu, wa tatu kasema nijenge nyumba niache kuchungulia chini. Wajuzi wa mimea mko wapi?

Chapa Ilale (saa 2:31 usiku)

Nipo pale nimekaa na karanga zangu.

Kitindi (saa 2:40 usiku)

Laikeni hiyo mkuu, ule muungano wa kuvu na mwani. Kilichoota kwenye jiwe na kikawa cha kijivu ni laikeni. Uzi ufungwe.

Mwalimu Mstaafu (saa 4:05 usiku)

Kitindi mwanangu, uzi usifungwe. Zipo laikeni zinazobadilika rangi na kulainika zikipata maji, kwa hiyo kufunguka peke yake si ushahidi. Lakini tazama picha ya pili. Mwili bapa, kijani kibichi kabisa, unagawanyika Y kisha Y tena, na mfereji umepita katikati ya kila tawi hadi nchani. Laikeni haikui hivyo.

Hiyo ni livawati. Mliosoma bayolojia mtaikumbuka, ile iliyokuwa inatajwa pamoja na kuvumwani kisha mwalimu anafunua ukurasa haraka aende kwenye maua. Haina mzizi wa kweli, haina mishipa ya kupitisha maji, haina ua wala mbegu. Wengi wanajua zinakaa penye unyevu tu, Uluguru, Usambara, kandokando ya maporomoko. Si kweli. Liko kundi zima la wadogo wanaoishi kwenye nchi kavu, na ujanja wao ni mmoja: mvua ikikatika wanakauka kweli, wanasimamisha kila kitu, na mvua ikirudi wanaendelea walipoishia. Dodoma ya milimita 500 na ushee kwa mwaka, karibu yote ya kati ya Desemba na Aprili, inawatosha.

Kwa picha yako nasema jenasi, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ni Riccia. Jina hilo alilitoa Mwitaliano Micheli mwaka 1729, kumuenzi mtu wa Florence aliyeitwa Ricci. Spishi siwezi kuisema, na yeyote atakayekuambia spishi kwa picha ya juu peke yake anakudanganya. Rudi pale uchukue nyota mbili, uzipindue, utuambie tumboni kuna nini.

Mgogo wa Ilazo (saa 4:12 usiku)

Shikamoo mwalimu. Kesho asubuhi nakwenda.

Mwalimu Mstaafu (saa 4:15 usiku)

Marahaba. Chukua na udongo wake, kisu kiingie kama sentimita moja chini. Weka kwenye bahasha ya gazeti, SI kwenye mfuko wa nailoni. Na uandike juu ya bahasha siku hiyohiyo: tarehe, mahali, aina ya jiwe, kama pana jua siku nzima au kivuli. Kumbukumbu ya kichwani haifiki wiki.

Mama Neema (13 Januari, saa 1:20 asubuhi)

Samahani mwalimu, nimetafuta hilo jina la livawati, kwa Kiingereza limebeba neno "ini". Inatibu ini? Nina shemeji yangu anasumbuliwa.

Mwalimu Mstaafu (saa 1:48 asubuhi)

Hapana, dada. Watu wa Ulaya ya zamani waliona mwili wake bapa wenye pande mbilimbili unafanana na ini, na imani yao ilikuwa mmea hutibu kiungo unachofanana nacho. Jina likabaki. Mpeleke shemeji hospitali, tafadhali, na pole yake.

Kitindi (saa 3:02 asubuhi)

Nakubali nilikurupuka. Ila nimepitisha picha ya mkuu kwenye programu ya simu inayotambua mimea, imesema Marchantia polymorpha. Mashine haina ubishi.

Fundi Hadubini (saa 3:30 asubuhi)

Ina ubishi sana. Marchantia nayo ni livawati, ila ni pandikizi la mtu ukiilinganisha na hawa. Bapa lake linafika upana wa sentimita moja, juu lina vikombe vidogo vyenye punje za kijani za kujizalishia, na wakati wa uzazi linasimamisha miavuli. Za mkuu hazina kikombe wala mwavuli, na tawi lina upana wa milimita mbili hivi. Hizo programu zimefundishwa kwa picha nyingi za Marchantia kwa sababu imejaa bustani za Ulaya. Ukiionyesha kitu chochote bapa cha kijani, inakimbilia huko.

Mgogo wa Ilazo (13 Januari, saa 12:50 jioni)

Nimerudi na majibu. Lenzi nimeazima kwa sonara, ya mara kumi.

Kwa chini kuna nyuzi nyeupe nyembamba kama sufi, zimeshika udongo. Pembeni, safu mbili za magamba membamba kama maganda ya kitunguu, meupe, karibu ya kioo, yanachungulia nje ya ukingo. Nikaliacha tawi moja likauke mezani. Lilipoanza kujikunja, pande mbili zikainuka zikakutana juu kama mtu anayefunga koti, na yale magamba meupe ndiyo yakabaki yanatazama jua. Kumbe ndiyo ile rangi ya majivu niliyoiona! Si mmea wenyewe, ni koti lake.

Mwalimu Mstaafu (saa 2:00 usiku)

Hapo umeona kwa macho yako kitu ambacho wanafunzi wangu walikikariri tu. Magamba yanafunika sehemu laini na kurudisha mwanga wa jua. Zipo Riccia ambazo magamba yake ni ya zambarau iliyoiva hadi nyeusi, hizo zikikauka unaona vijiti vyeusi chini, unapita unadhani moto ulipita. Ndiyo maana nasisitiza kila mmea uangaliwe mara mbili, mkavu na mbichi. Ukiandika "kijani, umbo la nyota" hujaandika kitu. Ukiandika "mbichi kijani cha bahari, mkavu mweupe, magamba yamevuka ukingo, hakuna nywele pembeni", umeshaondoa nusu ya majina.

Kuhusu nywele, angalia ukingo tena. Baadhi zina vinyweleo vigumu vilivyosimama kama kope.

Mgogo wa Ilazo (saa 2:09 usiku)

Hakuna kope mwalimu.

Kitindi (saa 2:30 usiku)

Basi ni Riccia albolimbata, nimeisoma, ina magamba meupe yaliyovuka ukingo, ipo kusini mwa Afrika. Jina lenyewe maana yake "yenye upindo mweupe". Safari hii sijakurupuka!

Fundi Hadubini (saa 3:11 usiku)

Umepiga hatua, ila bado. Upindo mweupe wanavaa wengi. Kwenye Riccia hati ya utambulisho ni spora, zile chembe zake za kuzaliana. Mkuu, kwenye mfereji wa katikati, nyuma kidogo ya ncha, unaona madoa meusi yaliyotuna?

Mgogo wa Ilazo (saa 3:20 usiku)

Madoa yapo mawili matatu, ila ya kijani iliyofifia. Si meusi.

Fundi Hadubini (saa 3:26 usiku)

Hayajaiva. Subiri Machi mwishoni. Riccia haihangaiki kuinua kikonyo kama ndugu zake, mfuko wa spora unabaki umezama ndani ya mwili, na spora zinatoka siku bapa litakapooza au kupasuka. Kwa hiyo usichukue nyota nzuri tu za kupiga picha. Chukua na zile zee zilizochoka, zenye rangi ya kahawia nyuma. Uzuri wa mkusanyaji uko kwenye zile mbaya.

Nduku Machakos (15 Januari, saa 7:15 mchana)

Hamjambo wote. Niko Machakos. Nimefurahia huu uzi sana, kwa sababu nina kitu karibu sawa lakini si sawa. Kwa bwawa letu la ng'ombe, maji yakishuka, kwa matope yanayopasuka kunatokea maua ya kijani kibichi, mviringo, kama sarafu ya shilingi kumi. Lakini juu hakuna mfereji safi. Kumejaa mashimo mashimo kama sponji, unaona hadi ndani. Mama huita "uji wa ng'ombe" kwa mzaha. Ni Riccia pia?

Mwalimu Mstaafu (saa 9:40 alasiri)

Ni Riccia, ila upande wa pili wa ukoo. Ya Dodoma mwili wake umejaa nguzo za seli zilizosimama bega kwa bega, katikati zimeacha vijia vyembamba vya hewa, kwa hiyo juu panaonekana laini. Ya kwako ina vyumba vikubwa vya hewa, na paa la vyumba linabomoka mmea ukizeeka. Sponji kwenye matope ya bwawa linalokauka, mviringo: inalingana kabisa na Riccia cavernosa, ambayo imeenea sana Afrika. Hiyo haina haja ya koti. Inaota, inazaa, inakufa kabla jua halijapiga sawasawa, na spora zinangoja kwenye udongo mwaka unaofuata.

Nduku Machakos (saa 9:52 alasiri)

Na zinafika vipi bwawa la jirani? Maana huko nako zimo.

Fundi Hadubini (saa 10:05 alasiri)

Kwato, dada. Na gumboots zako.

Msafiri wa Maskati (16 Januari, saa 5:00 asubuhi)

Asalaam alaykum jamaa. Miye niko Oman miaka mingi, kwetu Unguja. Mwaka juzi tulikwenda Salala wakati wa kharifu, ile mvua ya manyunyu ya miezi ya Julai na Agosti ambapo majabali ya Dhofar yanageuka kijani na nusu ya Ghuba inahamia huko na majiko yao. Chini ya mwamba niliona vitu kama hivi vyenu, vyembamba, kama ndimi za kijani, lakini kwenye ncha ya kila ulimi, upande wa chini, kuna kama kome mdogo mweusi, makombe mawili yamefumbwa. Wallahi nilidhani konokono. Nilivyokibinya kikafunguka, ndani mna kidonge.

Mwalimu Mstaafu (saa 5:33 asubuhi)

Waalaykum salaam. Ndugu yangu, hukuhitaji hadubini. Makombe meusi mawili chini ya ncha, hiyo ni Targionia, livawati nyingine, na inayojulikana kila mahali kuanzia Mediterania hadi Arabuni na Afrika ni Targionia hypophylla. Ikikauka inajisokota yote na kubaki uzi mweusi kwenye mwamba. Kidonge ulichokiona ndicho chenye spora. Hii ni miongoni mwa chache sana ambazo mtu anaweza kuitaja barabarani akiwa amesimama, alimradi apinde mgongo na kupindua.

Msafiri wa Maskati (saa 5:40 asubuhi)

Alhamdulillah. Mke wangu aliniuliza nabinya konokono kwa nini, leo namwonyesha.

Bi Mwanahawa (saa 6:10 mchana)

Na zile nyekundu-nyekundu kama utando kwenye gome la miti? Ninaziona kwenye migunga ya milimani.

Mwalimu Mstaafu (saa 6:58 mchana)

Kuna uwezekano mkubwa ni Frullania, livawati yenye majani. Livawati za namna hii ndizo nyingi zaidi duniani kuliko za bapa, watu hawajui. Ukilaza kijitawi chini ya lenzi utaona safu mbili za majani yaliyopandana kama vigae, na kila jani lina kipande kidogo kilichokunjwa chini kikawa kama kofia au kibuyu. Kibuyu hicho kinashika tone la maji, na mara nyingi kina wapangaji: viumbe wadogo mno wa majini ambao maisha yao yote yamo humo. Hii iangalie ikiwa mbichi, kwa sababu ndani ya seli zake kuna vitone vya mafuta vinavyosaidia kuitambua, na ukiikausha vinapotea. Wakata miti wa Ufaransa na Canada huwashwa ngozi vibaya kwa ajili ya Frullania, kwa hiyo usijisugulie.

Na kama unataka kuumia macho kabisa, tafuta Cephaloziella. Huyo upana wake na majani yote haufiki nusu milimita. Kwenye udongo mkavu anaonekana kama nywele za kijani cheusi au nyekundu zilizodondoka. Mimi nimempata mara zote nikiwa natafuta kitu kingine.

Mgogo wa Ilazo (2 Februari, saa 3:00 usiku)

Wakuu naleta msiba mdogo. Sampuli nilizileta nyumbani nikaziweka kwenye sahani dirishani nizinyunyizie maji kila asubuhi. Leo narudi, sahani imeoshwa, imepangwa kabatini inang'aa. Bi mkubwa kasema kuna mtu aliacha udongo kwenye sahani ya wageni. Sikuwa na la kujibu.

Za kwenye nailoni (ndiyo mwalimu, niliweka baadhi kwenye nailoni) zimeota kuvu jeupe.

Mwalimu Mstaafu (saa 3:08 usiku)

Ulikuwa umeambiwa.

Chapa Ilale (saa 3:09 usiku)

Kilio cha sahani ya wageni 😂😂

Mgogo wa Ilazo (30 Machi, saa 1:30 usiku)

Nimerudi na ripoti kamili, msome mkiwa mmekaa.

Nilikwenda tena kwenye ufa uleule. Safari hii madoa ni meusi ti, yamepangana kwenye mfereji kama mbegu za ufuta. Nimekausha kivulini kwenye bahasha za gazeti, nikaziacha wiki. Nikamfuata rafiki mwenye hadubini ya shuleni, na Fundi Hadubini akawa ananielekeza kwa simu.

Kukata: tulichukua moyo mweupe wa shina la muhogo, tukaupasua, tukakibana kitawi katikati yake, wembe mpya. Vipande vya kwanza vilikuwa vinene kama chapati. Kwenye ishirini nilipata viwili vya maana. Lakini hivyo viwili! Juu nguzo za kijani zimesimama kama mahindi shambani, chini seli zisizo na rangi, pembeni magamba yamening'inia. Na zile nyuzi za chini ziko za aina mbili, nyingine laini kabisa, nyingine kwa ndani zina vijiti vijiti.

Spora: nilitoboa doa moja kwa sindano, zikamwagika. Kahawia iliyokolea. Upande mmoja una alama ya mistari mitatu inayokutana, upande wa pili umetuna na una wavu wa vyumba kama sega la nyuki. Kila spora ina upindo mwembamba pembeni. Nimehesabu vyumba 8 hadi 9 kutoka ukingo hadi ukingo.

Aibu yangu: siku ya kwanza nilipima nikapata mikromita 300 (mikromita elfu moja ndiyo milimita moja), nikapiga simu kwa furaha kama nimegundua kitu.

Fundi Hadubini (saa 1:52 usiku)

Niache nieleze hiyo, kwa sababu kila anayeanza anaipitia. Ile rula iliyo ndani ya lenzi ya jicho haina kipimo chake yenyewe. Mistari yake inabadilika maana kila ukibadili lenzi ya chini. Lazima uilinganishe kwanza na kioo chenye mistari ya kipimo kinachojulikana, kwa kila lenzi, uandike ukutani. Mkuu alitumia hesabu ya lenzi ndogo kwenye lenzi kubwa. Tuliporekebisha spora zake 20 zilikaa kati ya mikromita 88 na 100. Hizo ni kubwa, zinazidi unene wa kawaida wa unywele wako, ndiyo maana haziendi mbali na upepo kama za kuvumwani.

Kitindi (saa 2:15 usiku)

Sasa jina?

Fundi Hadubini (saa 2:21 usiku)

Sasa tunaandika Riccia, bila kope, magamba meupe, spora 88 hadi 100, vyumba 8 hadi 9, granaiti, Dodoma. Hilo ndilo jina lake kwa leo. Spishi ataipa mtu atakayeilinganisha na sampuli zilizohifadhiwa. Nashauri ipelekwe nakala mbili, moja hifadhi ya sampuli za mimea ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nyingine ile ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi.

Mwalimu Mstaafu (saa 2:44 usiku)

Naunga mkono. Profesa Tamás Pócs wa Hungaria alifundisha Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 1970, akazikusanya livawati za milima yetu kwa maelfu. Ila wakusanyaji hupenda milima yenye ukungu, na mimi pia nilikuwa hivyo. Hata Exormotheca, ile livawati ya nchi kavu yenye mgongo uliojaa vidole vyeupe kama chumvi ya mawe, moja yake ina jina la Holst, Mjerumani aliyekusanya Usambara miaka ya 1890. Penye mawe makavu mtu anapita na gari.

Mgogo, nitumie bahasha moja kwa basi. Usisahau udongo.

Mgogo wa Ilazo (2 Aprili, saa 12:20 jioni)

Imeondoka leo asubuhi mwalimu, kondakta kaniuliza ndani kuna nini, nikamwambia mimea, akaitingisha sikioni akasema hamna kitu humu.

Jambo moja la mwisho. Jana fundi alitaka kumwaga kokoto pale kwenye ufa. Nimeuzungushia ufa mawe manne na kamba ya katani. Fundi kaniangalia sana.

Nduku Machakos (saa 12:41 jioni)

Heko! Usimruhusu.

Chapa Ilale (saa 1:03 usiku)

Mkuu, nyumba yenyewe imefika wapi?

Mgogo wa Ilazo (saa 1:05 usiku)

Msingi.